Bastola ya Baba Mdogo: Maoni Yangu Baada ya Miezi Miwili

Najua mmezoea nikija hapa nakuja na simu. Nafungua boksi, nasema kamera iko aje usiku, betri inakaa masaa mangapi stima ikipotea Gesima siku mbili, halafu mnanitusi kwa komenti kwa sababu nimeisema vibaya simu yenu. Leo si simu. Leo nataka tuongee kuhusu bastola.

Ngoja kwanza kabla ujaanza kushea. Si yangu. Mimi sina leseni na sijaigusa hata kwa kidole. Ni ya baba mdogo wangu, ni halali, na makaratasi yote yako sawa. Mimi ndiye namwendeshea gari la ndizi siku za soko, kwa hivyo kwa miezi miwili sasa nimekaa karibu na hiyo kitu kuliko mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenyewe na mama mdogo. Yeye ndiye aliniambia tukitoka Keroka, "Omomura, si wewe huwa unapima vitu? Pima na hii." Alitaka vidio. Nilikataa vidio. Nilimwambia nitaandika, na nitaandika kile naona, si kile angependa kusikia. Akasema sawa, bora nisitaje jina. Basi hakuna jina, hakuna picha, hakuna duka.

Najua wengine wenu ni wa huku na mshamjua. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Tuanze na kitu yenyewe. Ni Glock 26. Glock ni kampuni ya Austria, na bastola yao ya kwanza, Glock 17, ilichukuliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Hiyo ni kubwa, ya askari, ya kuvaliwa kiunoni watu wakiona. Miaka ya tisini wakatoa hii 26, ambayo ni kama ileile imekatwa mtutu na kukatwa mshikio ndio ijifiche chini ya shati. Mtutu wa 17 ni milimita 114, wa 26 ni milimita 87. Ukiipima yote kutoka mdomoni hadi nyuma ni kama sentimita 16, yaani inakaribiana na simu kubwa. Magazini yake inabeba risasi 10 za milimita 9. Ikijaa inakaribia robo tatu ya kilo. Nilimuuliza baba mdogo anaisikiaje kiunoni siku nzima, akasema haimlemei lakini haijawahi kumtoka akilini, hata akila.

Kwa macho haina urembo. Nyeusi, plastiki ngumu chini, chuma juu, kona kona kama chombo cha fundi wa stima. Sinema zimetuzoesha zile za kung'aa.

Kilichonishangaza ni kwamba haina ile swichi ya pembeni ya kuifunga. Mimi nilidhani kila bastola iko nayo. Hii, kinga zake ziko ndani, na moja iko kwenye triga yenyewe: kuna kiulimi kidogo katikati, kidole kikikibonyeza pamoja na triga inakubali kuvutwa, kidole kikitoka inajifunga. Kwa lugha ya nyumbani, kinga ya mwisho ni kidole chako. Na kuna jambo lingine ambalo wenye Glock wote wanalijua: ukitaka kuifungua uisafishe, lazima kwanza uvute triga. Sasa fikiria mtu ametoa magazini akadhani amemaliza, kumbe kuna risasi moja imebaki juu kwenye chemba. Avute triga asafishe. Ukuta wa nyumba nyingi za huku ni mabati au udongo, na nyuma ya ukuta kuna mtoto anafanya homuwaki.

Baba mdogo alifunzwa mpangilio na anaufuata kama sala. Anatoa magazini. Anavuta juu. Anaangalia. Anaingiza kidole aguse kama kuna kitu. Anaangalia tena. Anafanya haya kila jioni akielekeza ukuta wa mawe wa stoo, sisi wote tukiwa nje. Halafu inaingia kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti sakafuni. Hapo nampa maksi kumi kwa kumi, na mnajua mimi si mtu wa kutoa kumi ovyo.

Hali ya hewa ya huku pia inamsaidia kuificha. Gesima ni baridi, kila mwanaume ana jaketi hata saa saba mchana, hakuna atakayeuliza kwa nini umevaa nzito. Lakini baridi hiyohiyo inakuja na mvua na unyevu, na chuma hakipendi unyevu. Anaifuta mafuta mara kwa mara kuliko anavyoosha gari. (Gari naosha mimi.)

Sasa, kwa nini aliinunua? Sitaki mtu aseme ni mashauzi. Baba mdogo ananunua ndizi mashambani, kuanzia huku Gesima hadi upande wa Rigoma, anakusanya Keroka, lori linapeleka Nairobi. M-Pesa imepunguza pesa za mkononi, lakini mama mwenye mikungu yake minane saa kumi na moja alfajiri hataki mesegi. Anataka noti ahesabu. Kwa hivyo baba mdogo alikuwa akitoka nyumbani gizani na pesa mfukoni, njia ileile, siku zilezile za wiki. Mwaka juzi vijana wanne wakamngoja na panga. Walichukua pesa na simu, na mmoja akamkata mkono wa kushoto juu ya kifundo. Vidole viwili havinyooki mpaka leo. Akishika kikombe cha chai unaona.

Wazee watasema zamani tulikuwa na Sungusungu. Ndiyo, na tunajua waliishia kuwa nini. Serikali iliwapiga marufuku mwaka 2010 pamoja na Chinkororo na vikundi vingine vingi, na ukikaa na watu wa umri wa baba yangu hutakosa hadithi ya mtu aliyepigwa usiku kwa kusingiziwa tu na jirani. Nyumba Kumi ipo, lakini Nyumba Kumi haiamki saa kumi alfajiri kusindikiza ndizi.

Kwa hivyo aliomba leseni kama mtu mzima. Sheria ya bunduki, ile sura ya 114, ilianza kutumika 1954, wakati wa mkoloni, na inataka uwe na sababu ya maana. Inamkataa mtu mlevi na mtu asiye na akili timamu, imeandikwa hivyo kabisa. Kuna Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, kuna cheti cha tabia njema, alama za vidole, mafunzo, watu wa usalama kukuuliza maswali. Halafu kila mwaka unahuisha. Na mwezi wa Desemba 2018 Matiang'i, mtu wetu wa Nyamira, akiwa waziri wa usalama wa ndani, aliwapa wenye bunduki wote siku 90 wakapigwe msasa upya. Kwa hivyo si kitu unanunua kama viatu. Baba mdogo ilimchukua zaidi ya mwaka, na pesa aliyotumia yote kwa jumla ingenunua ng'ombe wa maziwa watatu, wa gredi, wakiwa na mimba.

Mpaka hapo niko upande wake. Mtu amekatwa, amefuata sheria, amelipa, anafuata mpangilio. Shida yangu iko kwingine.

Bastola ndogo imetengenezwa kwa mji wa watu wasiojuana. Kazi yake yote, ile milimita 27 waliyokata kwenye mtutu, ni kwamba wewe upite katikati ya watu na hakuna anayejua. Nairobi, kati ya Tom Mboya na Kencom, hiyo inawezekana. Gesima, mtu anajua ukoo wa mama yako, anajua unavyotembea, anajua ukibadilisha upande wa kubeba simu. Wiki ya kwanza mama mmoja wa ndizi alimuuliza, "Mbona siku hizi hauinami kushika mkungu? Mgongo?" Kwa sababu alikuwa akiinama shati linapanda. Wiki ya pili vijana wa boda boda walikuwa wakimwita Kamanda. Wiki ya tatu mtoto wa darasa la nne alinisimamisha mimi njiani akaniuliza kama ni ya kweli. Ningejua ni siri singeandika haya. Hakuna siri. Siri ilikufa kabla ya magazini ya kwanza kupata vumbi.

Na siri ikifa, kitu kinageuka. Wezi waliokuwa wakijua ana pesa sasa wanajua ana pesa na bastola, na bastola yenyewe ni mali. Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Soma hizo namba tena. Huko nje kuna soko kubwa sana la bunduki zisizo na makaratasi, na bastola halali ikiibiwa Gesima leo, kesho iko upande wa ile namba kubwa.

Mama mdogo aliliona hili kabla yangu. Tulikuwa tunachambua chinsaga nje ya jikoni, akasema bila kuniangalia, "Zamani wangekuja kutafuta pesa ya majani. Wakija sasa watatafuta hiyo. Na mimi sina ufunguo." Hana ufunguo kwa sababu leseni ni ya mume wake, na yeye haruhusiwi kuishika. Sheria iko sawa kabisa hapo. Lakini fikiria hali yake mwezi huu wa Oktoba, bonasi ya majani chai imeingia, kila mtu anajua nani amepata ngapi, mume yuko Keroka na bastola kiunoni, na yeye yuko nyumbani na watoto watatu na sefu ambayo watu wanaamini iko na kitu ndani. Aambie wezi sefu ni tupu, watamwamini? Nilimuuliza kama alihojiwa wakati wa leseni. Akacheka. Alisema yeye aliitwa tu kuonyesha mahali sefu itakaa, akaambiwa asante.

Jambo la pili ni mazoezi. Watu wanadhani ndogo ni rahisi. Ni kinyume. Mtutu mfupi maana yake alama za kulenga ziko karibu karibu, ukikosea kidogo mkononi unakosea sana mbele. Nyepesi maana yake inaruka mkononi kuliko ile kubwa ikipiga risasi ileile. Mshikio mfupi, kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Sasa ongeza ile mkono wa kushoto wa baba mdogo, ule wa vidole viwili visivyonyooka, ambao ndio ungepaswa kusaidia kushika. Kwa hivyo bastola ndogo inadai mazoezi mengi zaidi, na sisi tuko mahali pa kupata machache zaidi. Uwanja anaokwenda yeye ni Kirigiti, Kiambu. Kutoka huku ni zaidi ya kilomita 250 kwenda tu. Katika miezi miwili amekwenda mara moja. Risasi anazofyatua huko ananunua, na kila moja, kwa bei aliyoipata yeye, inapita kilo ya sukari. Huwezi kwenda kufyatua kwenye majani chai, utashikwa, na haki utakuwa unastahili.

Ile siku moja alipiga karatasi mita saba. Kati ya kumi, saba ziliingia vizuri. Alinionyesha karatasi kwa furaha kama mtu amepata A. Mimi nilikuwa naangalia zile tatu. Karatasi haikimbii. Karatasi haina panga. Na ilikuwa mchana, amesimama, amepumua, mwalimu nyuma yake. Ile alfajiri ya Keroka ilikuwa giza, mvua, watu wanne, na katikati ya hao wanne na yeye angeweza kupita mama wa ndizi na mkungu kichwani. Tangu azaliwe amefyatua risasi ambazo hazifiki mia. Mimi nimepiga penalti nyingi kuliko hizo na bado nakosa.

Najua mtu ataniandikia, "Na Westgate?" Sawa, tuongee Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, kabla vikosi kujipanga, raia wenye bastola za leseni waliingia mle ndani na kutoa watu. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, ndiye yule wa kwenye picha iliyozunguka dunia, amejikinga na bastola mkononi na mtoto wa kike anamkimbilia. Inayat Kassam aliingia Westgate, na Januari 2019 kule DusitD2 akaingia tena. Siwezi kuwasema vibaya watu kama hao, na mtu akiniambia raia hawafai kuwa na bunduki kabisa, mimi nitamrudisha kwenye ile picha. Lakini angalia Kassam ni nani: ni mkufunzi wa silaha. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Baba mdogo kazi yake ya kila siku ni ndizi.

Na kuna picha nyingine ambayo pia mliiona. Januari 2020, klabu ya Kilimani, kamera za CCTV, DJ amepigwa risasi shingoni. Kesi ilipita kortini, siirudii hapa. Nasema tu mahali na saa: klabu, usiku, watu wanaojuana. Hakukuwa na gaidi wala mwizi.

Watu wanaojuana. Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sababu hasa nimeandika.

Babu alituachia ekari moja na nusu. Wana watatu: baba yangu ndiye mkubwa, kisha mmoja aliye Nairobi, kisha baba mdogo. Mpaka kati ya baba yangu na baba mdogo ni mistari ya majani chai na miti ya mikaratusi ambayo kila mmoja anasema ni yeye aliipanda. Sisi Abagusii tunajijua. Mnasikia habari za huku kwenye redio, mara ngapi ni mpaka, mara ngapi ni ndugu. Kwetu haikuwa imefika huko. Kwetu ilikuwa kelele tu. Baba yangu ana sauti, na tangu nizaliwe sijawahi kuona amemwacha mdogo wake amalize sentensi. Hiyo ilikuwa kawaida yao, wanapiga kelele, mama analeta chai, wanakunywa, mwezi ujao tena.

Septemba wakakaa na wazee watatu wa ukoo. Mimi ndiye nilimleta baba mdogo kutoka sokoni, moja kwa moja, jaketi lake lile la bluu limefungwa zipu mpaka shingoni. Akaketi. Nataka niseme ukweli wake wote: hakuigusa. Hakufungua zipu. Hakuitaja, hakuinua sauti, hakujipapasa hata mara moja. Aliongea kwa heshima kuliko kawaida. Alisema anaona mistari miwili ya majani ni yake.

Na baba yangu akasema, "Sawa. Kama umesema hivyo."

Mzee mmoja aligeuka kumwangalia baba kama amemsikia vibaya. Mwingine hakuwa anamwangalia mtu, alikuwa anaangalia jaketi. Hakuna kelele. Mkutano ambao huwa unachukua mchana wote uliisha kabla chai haijachemka. Mama alitoka na sinia akapata watu wameshasimama.

Njiani kumrudisha, baba mdogo alikuwa na furaha ya kweli. "Umeona? Leo tumeongea kama watu wazima." Sikumjibu. Yeye hakuwa anadanganya, hiyo ndiyo ilinikata maneno. Aliamini kabisa kwamba ameshinda kwa hoja.

Usiku nilimuuliza baba kwa nini alikubali. Nilidhani ataniambia aliogopa kupigwa risasi. Alikaa, akasema, "Mdogo wangu hawezi kunipiga. Niliogopa kumkasirisha. Nikipiga kelele kama kawaida yangu, na yeye akikasirika kama kawaida yake, sasa kuna kitu kingine pale kati yetu, na mimi sijui hicho kitu kinafanya nini mtu akikasirika. Na yeye hajui."

Watu wangu, mistari miwili ya majani si kitu. Kilo ngapi kwa mwezi? Lakini kelele zao zilikuwa ndio njia yao ya kukaa pamoja, na hazipo tena. Tangu Septemba baba hajaenda kwa mdogo wake kunywa chai hata mara moja. Si ugomvi, wakikutana wanasalimiana vizuri kabisa. Vizuri mno.

Nilimwambia baba mdogo. Nilichagua siku ya njia ndefu, tukiwa wawili ndani ya gari, nikamweleza nilichokiona na alichosema baba, bila kuongeza chumvi. Kwanza alikasirika, akasema kwa hivyo mtu akikatwa panga ndio familia imwone mbaya. Nikamwambia baba mdogo, hakuna anayekuona mbaya, nasema tu usikuje nayo kwa mkutano wa ukoo. Akaniuliza swali ambalo lilinibana kweli: "Nimetoka sokoni na pesa. Niiache wapi? Kwa gari? Ikiibiwa nani anafungwa?" Yuko sawa. Yeye ndiye anawajibika nayo masaa yote, na gari la ndizi lililofungwa kwa waya mlango wa nyuma si mahali pa bastola. Nikamwambia basi pitia nyumbani kwanza, weka kwenye sefu, ndio uje. Akasema, "Na njia ya kutoka kwangu hadi kwenu?" Ni mita mia mbili. Tuliangaliana. Akaongeza sauti ya Egesa.

Hizo mita mia mbili ndizo zimenifanya niwe na maoni. Mtu alinunua bastola kwa ajili ya barabara moja, saa moja, siku tatu kwa wiki. Sasa miezi miwili baadaye hawezi kuvuka shamba la babu yake bila hiyo. Hakuna mtu aliyemlazimisha na hajawa mtu mbaya. Imeingia tu polepole, kama vile mimi siwezi kwenda choo bila simu, na simu yangu haimnyamazishi mtu.

Kwa hivyo nasimama wapi? Sitaki zipigwe marufuku. Nikisema baba mdogo airudishe kesho, mimi ndiye nitakuwa kwenye usukani alfajiri hiyo, na kusema kweli nikiwa pale kwenye usukani naifurahia. Lakini bodi inauliza maswali ya mjini. Inauliza kama umewahi kushtakiwa. Iulize pia kama una kesi ya shamba na ndugu yako, maana huku hilo ndilo swali. Iketi na mke peke yake, mume akiwa nje, imuulize anaonaje, na jibu lake lihesabiwe. Na kuhuisha kila mwaka isiwe karatasi na pesa tu. Mtu asimame, afyatue mbele ya mkufunzi, gizani kidogo, akiwa ametoka kukimbia, na asipofika kiwango aambiwe rudi mazoezini kwanza. Mkisema mazoezi yako mbali, nakubali, ndiyo maana nasema serikali ikiona watu wa Kisii na Nyamira wanafaa kupewa leseni, iruhusu pia uwanja wa mazoezi wa maana huku karibu. Huwezi kumpa mtu dawa kali halafu hospitali iko Kiambu.

Na nyinyi vijana ambao mmeanza kuniandikia kwa inboksi kuuliza bei, baada ya kusikia tu nilikuwa nakuja na hii mada: kama sababu yako ni kuitwa Kamanda, baki na simu.

Desemba yule wa katikati anakuja kutoka Nairobi, na baba amesema anataka mpaka upimwe upya na mtu wa kupima mashamba, wazee wakiwepo. Tarehe imewekwa, siku ya soko, bahati mbaya. Baba mdogo ameniomba nimtoe Keroka nimlete moja kwa moja. Nimemwambia nitampitisha kwake kwanza, na hizo mita mia mbili nitatembea naye mimi. Hajasema ndiyo na hajasema hapana.

Wale mna leseni na mnaishi mashambani, si Nairobi, mashambani kabisa, niambieni hapo chini: mkienda mkutano wa ukoo mnafanyaje? Naomba majibu, si picha.